Kutangaza ugonjwa mu karieri: sheria inadai nini, na nani analipa?

Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema kwamba mpox si tena dharura ya afya ya kimataifa. Wengi mu Kivu ya Kusini walisikia habari ile kwa redio na wakasema: basi, imeisha. Haijaisha. Kilichoondolewa ni ile alama ya dharura ya dunia nzima. Wajibu wa munganga, wa infirmie na wa serkali yenyewe kutangaza kila mgonjwa wa mpox, wa kipindupindu, wa surua ao wa homa ya kutoka damu uko palepale kama jana.

Kwa mtu wa Bukavu mwenye kazi ya ofisi, hayo yanaweza kuonekana kama maneno ya karatasi. Kwa familia inayokula kutokana na shimo la Kamituga, la Misisi, la Shabunda ao la Nyabibwe, wajibu huo unagusa bugali ya nyumbani. Mchimbaji akitangazwa kuwa mgonjwa, anatengwa. Akitengwa, hashuki mu shimo. Asiposhuka, hana fungu. Njo maana inafaa tuelewe vizuri: sheria inamdai nani, inamlinda nani, na nani anabeba gharama.

Kamituga ilitangaza, jibu likachelewa

Tuanze na mambo yaliyotokea kwetu. Mwezi wa 9 mwaka 2023, Kamituga, wilaya ya Mwenga, karibu kilomita 180 kutoka Bukavu, ilianza kupata watu wazima wenye vipele ambavyo havikuzoeleka. Mpox haikuwa ngeni mu Kongo. Mtu wa kwanza duniani kujulikana kuwa na ugonjwa huo alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, Equateur, mwaka 1970. Lakini ile ilikuwa sana mpox ya msituni, ya watoto na ya nyama ya pori. Ya Kamituga ilipita njia ingine: mtu kwa mtu, sana sana kwa kulala pamoja, mu mabaa na mu vyumba vya kupanga vilivyo karibu na mashimo.

Wataalamu walipochunguza wagonjwa 108 waliohakikishwa na maabara mu miezi ile ya kwanza, karibu 29 kwa 100 walikuwa watu wanaouza mwili. Virusi vilivyosomwa vikaonekana kuwa vya aina mpya, ikaitwa kladi Ib. Kisha vikatembea. Mwezi wa 7 mwaka 2024, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya zilitangaza wagonjwa wao wa kwanza. Tarehe 13 mwezi wa 8, Africa CDC ilitangaza dharura ya bara lote, na kesho yake OMS ikatangaza ya dunia. Tarehe 15, Sweden ikasema imepata mgonjwa.

Mu mazungumzo ya Bukavu unasikia watu wakisema kosa ni la wachimbaji, juu walificha. Ni kweli wapo waliopitia kwanza kwa mganga wa kienyeji ao kwa muuza dawa. Vipele vilikuwa sehemu za siri, na haya iliwashika. Lakini tuhesabu vizuri. Hospitali iliona, hospitali ilitangaza, sampuli zilisafirishwa, ripoti zikaandikwa. Kutoka mwezi wa 9 mwaka 2023 mpaka dunia kuita dharura zilipita karibu miezi 11. Chanjo ya kwanza ilichomwa mu Kongo tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 2024, tena Goma, si Kamituga. Zaidi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo funzo la kwanza ni hili: taarifa ilipanda kutoka chini, lakini jibu lilishuka pole pole sana. Mtu anayetaka kumfundisha mchimbaji wajibu wake aanze kwa kusema ukweli huo.

Taarifa inapita wapi

Mu Kongo, mpango wa kufuata magonjwa unaitwa SIMR kwa kifupi cha Kifaransa, maana yake ufuatiliaji wa pamoja wa magonjwa na jibu lake. Nchi za Afrika zilikubaliana juu ya mpango huo chini ya OMS mwaka 1998. Magonjwa yamegawanywa. Kuna yale yanayohesabiwa kila wiki, kama malaria. Na kuna yale ambayo hata mgonjwa mmoja anayeshukiwa anatosha kupiga simu siku ileile: homa ya kutoka damu, kipindupindu, tauni, kupooza kwa ghafla kwa mtoto, mpox.

Njia yenyewe iko hivi. Relé wa jamii, yule tunamwita RECO, ao mtu wa familia anaona dalili. Anamwambia infirmie mkubwa wa sante. Infirmie anajulisha ofisi ya zoni ya afya, kwa munganga mkuu wa zoni. Kivu ya Kusini ina zoni za afya 34. Kamituga ni mojawapo. Zoni inajulisha Divisheni ya afya ya jimbo hapa Bukavu, na Divisheni inajulisha Kinshasa. Sampuli nayo inaenda kwenye maabara ya INRB. Mwisho, Kinshasa inajulisha OMS. Hapo kuna sheria ya mataifa yote, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwezi wa 6 mwaka 2007. Zinasema: serkali ikishapima tukio na kuona linaweza kuwa hatari kwa nchi zingine, ina saa 24 za kujulisha.

Angalia ni nani anadaiwa mu mstari huo. Mgonjwa haombwi kuandika ripoti yoyote. Anachoombwa ni kuja kwa munganga. Mzigo wa kutangaza uko juu ya mwenye kutibu na juu ya leta. Na mwenye kutibu si hospitali kubwa peke yake. Kile kituo kidogo cha mbao kilicho njiani kwenda karieri, chenye meza moja na serum mbili, nacho kinahesabiwa, hata kama ni cha mtu binafsi.

Pia haiombwi kujua jina la ugonjwa. Mwisho wa 2024, zoni ya Panzi (ile ya jimbo la Kwango, si Panzi yetu ya Bukavu) ilikuwa na watu wanaokufa na homa na kikohozi bila mtu kujua ni nini. Wagonjwa wa kwanza walionekana tarehe 24 mwezi wa 10. Wakubwa wa afya wa taifa walijulishwa tarehe 29 mwezi wa 11. Mwezi na zaidi. Baadaye ikaonekana ni malaria na magonjwa ya kifua mu watoto waliokwisha kudhoofika kwa njaa. Taarifa inatolewa kwa dalili: watu wangapi, wanaumwa wapi, wamekufa wangapi, tangu lini. Jina ni kazi ya maabara.

Siri ya mgonjwa iko wapi?

Woga mkubwa mu karieri ni jina kutoka nje. Mama mwenye kuuza mwili anajua kwamba jina lake likitajwa, mwenye nyumba atamfukuza. Mchimbaji anajua kwamba bibi yake atauliza alipata wapi. Swali lao ni la haki: munganga anatunza siri namna gani, kama sheria hiyohiyo inamlazimisha kusema?

Jibu liko mu Kanuni ya adhabu ya Kongo, artikle 73. Inaadhibu kwa kifungo mtu yeyote ambaye kwa kazi yake amepewa siri kisha akaitoa. Inaacha milango miwili tu: akiitwa kutoa ushuhuda mbele ya korti, na pale sheria yenyewe inapomlazimisha kusema. Kutangaza ugonjwa kunapita mu mlango huo wa pili. Lakini mlango huo unafunguka upande mmoja tu, upande wa wakubwa wa afya. Infirmie anayempigia simu munganga wa zoni anafanya kazi yake. Infirmie huyohuyo akienda kumwambia PDG wa shimo, jirani, mchungaji ao kundi la WhatsApp, ametoka mu ulinzi wa sheria na anaweza kushtakiwa.

Na ripoti inayopanda kila wiki kwenda juu inabeba hesabu: wagonjwa wangapi, umri gani, zoni gani. Jina linahitajiwa na wale wanaofuata watu waliogusana na mgonjwa, ili wawapate na kuwalinda. Kwa VIH kuna ulinzi zaidi: sheria namba 08/011 ya tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi hivyo, pamoja na siri ya hali yao.

Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza, pale pale mu sante: “Docteur, jina yangu itafika wapi? Nani ataiona?” Munganga anayejua kazi yake atamjibu bila hasira. Mu mazingira ambamo kila mtu anamjua mwenzake, jibu hilo njo linaamua kama mgonjwa wa kesho atakuja ao hatakuja.

Kunyamaza kunaua wachimbaji kwanza

Wapo watakaosema: basi, afazali tunyamaze, kila mtu ajitibu. Historia ya wachimbaji wa Kongo inatuonyesha kimya kinalipwa namna gani.

Mwisho wa mwaka 1998, Durba, karibu na Watsa, mu jimbo tunaloita leo Haut-Uele, wachimbaji wa zahabu wa shimo la Goroumbwa walianza kufa na homa ya kutoka damu. Ilikuwa wakati wa vita, kama leo. Watu wa pale walikuwa na jina la ugonjwa ule tangu miaka ya 1980: ugonjwa wa damu wa Durba. Kila mtu alijua upo, lakini habari haikutoka. Ni kifo cha munganga mkuu wa Watsa, mwezi wa 4 mwaka 1999, njo kilifanya watu wa nje wageuze macho. Waliokuja kupima walikuta virusi vya Marburg. Mpaka mwaka 2000, wagonjwa 154 walikuwa wamehesabiwa na 128 walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji. Virusi vilikuwa vikiwatokea mara kwa mara ndani ya shimo lenyewe, lenye popo wengi, na kila mara mchimbaji mwingine alivipeleka nyumbani. Shimo lilipojaa maji, ugonjwa ukakoma. Kama dalili za kwanza zingetangazwa na kusikilizwa, wachimbaji wangejua kwamba hatari iko mu shimo gani.

Kuna pia mfano wa Zobia, mu Bas-Uele, mwisho wa 2004 na mwanzo wa 2005. Tauni ya mapafu iliingia mu karieri ya almasi. Watu zaidi ya 50 walikufa, na maelfu ya wachimbaji wakakimbia kila upande. Mtu akikimbia na tauni ya mapafu anaibeba mpaka kwa watoto wake. Walikimbia juu waliogopa ugonjwa, na hakukuwa na mtu wa kuwaeleza mapema kwamba tauni inatibika kwa dawa za kawaida, kama ikishikwa siku za kwanza.

Nani analipa?

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo semina nyingi za Bukavu zinaliruka. Kutangaza ugonjwa kuna bei, na bei hiyo inalipwa na watu wa chini.

Mchimbaji anasema: “Bakinipeleka mu centre, nani atakamata fasi yangu mu shimo? Batoto batakula nini?” Mu karieri hakuna mshahara wa ugonjwa. Anayekosa siku anakosa fungu, na akikosa wiki mbili ao tatu nafasi yake imekwisha kupewa mwingine. Mama anayetwanga mawe hali yake ni ileile: siku bila kutwanga ni siku bila makuta.

Infirmie naye ana hesabu yake. Wengi mu vituo vya afya hawalipwi na serkali, wanaishi kwa ile pesa mgonjwa anaacha kwenye meza. Akitangaza mgonjwa wa mpox, mgonjwa anahamishwa kwenda hospitali kubwa, kituo kinabaki bila mteja, na watu wanaanza kukiogopa. Simu ya taarifa anapiga kwa krediti yake mwenyewe. Kisha tunashangaa kwa nini kituo kidogo cha karieri kinaandika “allergie” ama “gale” mu rejista.

PDG wa shimo na koperative nao wanaogopa: taarifa ikitoka, wakubwa watafunga karieri.

Nchi zingine ziliona tatizo hilo zamani. Uingereza ilipotunga sheria yake ya kutangaza magonjwa ya kuambukiza mwaka 1889, ilimlazimisha munganga na pia mkubwa wa nyumba ambamo mgonjwa analala. Aliyenyamaza alitozwa faini. Lakini sheria hiyohiyo ilimlipa munganga shilingi mbili na nusu kwa kila mgonjwa wake aliyemtangaza. Walielewa kwamba taarifa ni kazi, na kazi inalipwa. Sisi tumechukua upande wa wajibu, upande wa malipo tukauacha njiani. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 2018, ile inayopanga afya ya watu wote mu Kongo, haitatosha yenyewe kama infirmie wa Mwenga anakosa krediti ya simu.

Serkali nayo inadaiwa

Wajibu wa kutangaza haumalizikii kwa infirmie. Unapanda mpaka kwa wakubwa, na wao pia wanaweza kushindwa. Jirani zetu wa Tanzania walituonyesha mwezi wa 1 mwaka 2025. OMS ilisema tarehe 14 kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg mu Kagera. Serkali ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe, akiwa na mkubwa wa OMS mu Dodoma, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amehakikishwa. Siku sita zinaonekana kidogo. Kwa mtu wa Kagera anayemzika ndugu yake kwa mikono mitupu, siku sita ni nyingi.

Kwetu kuna uzito mwingine. Vita vilifika Goma mwezi wa 1 mwaka 2025 na Bukavu mwezi wa 2. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa, na sampuli zikapoteza njia yao ya haraka. Africa CDC ilisema mu wiki zile zaidi ya wagonjwa 500 wa mpox walitoka mu vituo vya matibabu mashariki mwa Kongo, wakikimbia mapigano. Wakati huohuo msaada wa Marekani, uliokuwa ukilipia sehemu ya kazi hiyo, ulikatwa. Mstari wa taarifa unaopita Bukavu kwenda Kinshasa sasa unavuka mstari wa vita. Yeyote anayeshika silaha ao ofisi mu jimbo hili, upande wowote, ana deni moja: kuacha taarifa ya ugonjwa na kisanduku cha sampuli vipite, na kutomuuliza munganga kwa nini anazungumza na wenzake wa upande mwingine.

Mambo ya kudai, na mambo ya kufanya

Kutokana na hayo yote, wachimbaji na familia zao wanaweza kuleta madai ya wazi mbele ya koperative, mbele ya zoni ya afya na mbele ya wakubwa wa jimbo.

La kwanza: fungu la mgonjwa lilindwe. Ekipe ya shimo ikubaliane mapema, kabla ugonjwa haujafika, kwamba aliyetengwa na munganga anarudi kwenye fasi yake, na kwamba kidogo kinatolewa kwa nyumba yake. Ekipe nyingi zinachanga kwa msiba. Zinaweza kuchanga pia ili msiba usifike.

La pili: matunzo ya aliyetengwa yawe bure, na chakula kiwemo. Mtu hawezi kufungiwa kwa faida ya wote halafu bibi yake atafute bugali ya kumpelekea.

La tatu: taarifa isiwe sababu ya kufunga karieri yote bila maelezo. Kama shimo moja lina hatari, lifungwe lile, na munganga aeleze kwa nini na mpaka lini.

La ine: jibu lirudi. Infirmie aliyetuma sampuli ajulishwe matokeo, na mgonjwa naye ajulishwe. Watu wanaochomwa sindano ya kupima na kungoja wiki nyingi bila jibu hawatakuja mara ya pili.

Na upande wetu, mambo ni machache. Ukiona vipele na homa, ukiona mtu anaharisha maji matupu, ukiona watu wawili ao watatu wa shimo moja wanashikwa na homa ileile, mwambie RECO ao nenda sante siku ileile. Usilale na mtu, usibebane kitambaa na mtu, mpaka ujue. Usimsafirishe mgonjwa kwa moto mpaka Bukavu kwa siri. Kila kituo njiani ni watu wapya. Aliyekufa na homa ya kutoka damu asioshwe na familia kabla munganga hajafika.

Sheria ya kutangaza magonjwa ilitungwa ili mtu wa mbali apate onyo kwa kupitia mgonjwa wa karibu. Kamituga ilitoa onyo hilo kwa dunia nzima mwaka 2023, na walioumia kwanza walikuwa wachimbaji na wanawake wa pale. Mara ingine onyo likitoka mu karieri, wanayo haki ya kudai kwamba dawa zirudi kwa haraka ileile ambayo taarifa ilitumwa.